Gemu Zisizoomba Tena

Barazani, tarehe 3 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia kupitia dereva wa lori la saruji, ameikunja mara nne kama risiti ya dukani. Nimemwambia siku nyingine aishike kwa adabu, maandishi ya mtu anayefanya kazi hoteli kubwa hayakunjwi ovyo. Akacheka. Sijui kwa nini watu hucheka ninapoongea mambo ya maana.

Sisi tupo. Mimi nimechoka, ila uchovu wangu umefunzwa, haunikalishi chini. Mama yako yupo vilevile. Mguu sasa anauburuta mpaka mlangoni, mdomo umenyooka kidogo, lakini mkono wa kulia bado umelala mapajani kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Daktari wa mazoezi alikuja tena. Alisema vidole visipofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo baada ya kiharusi vitazoea kulala, na kwamba hata gemu ya simu inafaa, ile ya kugusa na kuvuta. Dada yangu alimtazama yule mwanamke kama katukanwa. Fundi cherehani aliyewavika mabibi harusi wa mtaa mzima, leo aambiwe acheze.

Umeniuliza ilikuwaje na ile gemu ya bure. Nitakwambia, ila yaishie kwako. Ilikuwa ya kulisha samaki. Ukilisha wawili, tangazo. Ukilifunga, linakuja la pili, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko chawa. Sasa kidole cha dada kinakwenda kinakotaka chenyewe, kikagusa palipoandikwa "nunua lulu". Simu ikasema asante. Salio lote likaenda na maji. Niliwapigia wenye kampuni, nikawatandika Kizungu mpaka wakanyamaza wakaniwekea muziki. Niliusikiliza muziki wote. Siku ile ndipo dada alipoiweka simu pembeni, akasema hataki kuiona.

Gemu ya bure ni mgeni anayesema ameshiba, halafu ukigeuka kidogo kafunua sufuria. Kwa hiyo kama kweli kuna gemu za kununua mara moja kisha zinakuacha, zilete. Nitazipima mimi, moja baada ya nyingine, nikupe hukumu. Unanijua kwenye michezo. Yule ofisa wa ushuru niliyemfunga drafti nikiwa nimefumba macho, huku nashona godoro, mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii ina vyumba viwili, ukuta ni mwembamba, na masikio ya mama yako hayakupata kiharusi.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makochi


Chumba cha kufulia, tarehe 12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya mashine ya kukaushia, ndiyo maana mistari inatetemeka. Hotelini kuna mkutano, mashuka yamepangwa mpaka karibu na dari. Nimepiga pasi tangu asubuhi na nikitazama rundo naona kama linazaa.

Nimenunua gemu nne. Zote ukishalipa umemaliza. Hazina tangazo, hazina lulu, hazina mahali pa kugusa pakakula salio, hata mtandao hazihitaji sana. Moja ni ya treni, moja ya paka, moja ya kupanga vipande vya picha, na moja ya kuvuta uzi. Nimezinunua kwa akaunti yangu, na simu ya mama inatumia akaunti hiyohiyo. Mwambie fundi wa simu akupakulie. Mtakachocheza huko nitakiona huku, mpaka kipande cha mwisho mlichoweka.

Zilinganishe, uniambie ipi inamfaa mama. Ila nina jambo kubwa zaidi ya gemu. Msimamizi wetu anataka jibu kabla mwezi wa nne haujaisha: nisaini miaka miwili mingine, au niondoke mkataba ukiisha. Nikisaini, likizo ni mpaka mwaka wa pili. Mkono wa mama ukianza kuamka, nitasaini, maana kazi hii nimeipata kwa shida. Usipoamka, narudi nimuuguze mwenyewe. Siwezi kukuachia wewe yote.

Nikimpigia simu, anasikia ulimi wake unavyoburuta maneno, anakata. Macho yangu huko ni wewe. Mjomba, ninakupenda na chumvi zako zote, lakini kwa hili usitie chumvi.

Mpwa wako


Barazani, tarehe 23 Februari

Mpwa wangu,

Chumvi? Mimi? Haya.

Hukumu yangu hii hapa. Nimezipima huku gundi ya makochi ikikauka, maana unajua gundi ikishapakwa haitaki haraka, inakutaka ukae uitazame tu.

Ya treni ni gemu ya wanaume. Unapanga reli, treni zinapishana, usipowahi zinagongana. Kwangu haikuwa ngeni. Ujanani niliwahi kushika treni ya kweli, dereva aliposhuka kujisaidia ikaanza kwenda, na abiria hawakujua kama wameendeshwa na fundi makochi. Lakini inataka mbio, na mama yako kwa sasa hata kijiko kinamchukua muda. Hiyo hapana.

Ya paka ina muziki mzuri na mapaa ya nyumba yamechorwa vizuri, aliyechora alikuwa na raha siku hiyo. Tatizo paka anaanguka. Kidole kikichelewa kidogo, anaanguka, analia. Nilimwonyesha dada. Akasema nimtolee mnyama wa watu asije akafia mikononi mwake.

Ya uzi ndiyo ya kijinga kuliko zote. Kuna vitundu, unapitisha uzi, tundu hadi tundu, mpaka litokee ua au ndege. Haina saa, haina alama, haina mshindi. Nilimaliza ua zima nikakaa nasubiri nisifiwe. Wapi. Skrini imenitazama nami nikaitazama. Umetupa hela kwa hiyo.

Ya vipande ndiyo yenyewe. Picha inakatwakatwa, unarudisha kipande mahali pake, kinaingia na kamlio kama msumari ukikubali mbao. Ukimaliza inapiga kengele, inakuita hodari. Haikosei inapomwona mtu.

Zote nne zina jambo moja. Nikishamaliza, nilikuwa nasubiri ziniombe kitu. Unajua mazoea ya ile ya samaki. Nilisubiri sana. Hazikuomba. Mpwa wangu, tangu dada augue mwezi wa kumi na moja sikumbuki nilikaa na kitu kikaniacha hivyo. Mteja anataka kochi lake, mwenye nyumba anataka baraza lake, dada anataka kugeuzwa, uji unataka kukorogwa. Kile kigemu kilikaa tu mkononi, kimenyamaza. Nikahisi kama nimesahau kufanya kitu.

Lakini nisikuchoshe. Mama yako amechagua vipande. Ameanza leo. Mkono wa kulia. Mwanzo kidole kilimpa taabu, sasa kinakwenda.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makochi


Chumba cha kufulia, tarehe 6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimeona. Nimeona picha ya mnara imekamilika, ya soko la maua imekamilika, na ile ya boti imebaki anga. Nafungua simu wakati wa chakula, najificha nyuma ya rundo la taulo, natazama vipande vya mama kama mtu anayetazama picha ya mtoto mchanga. Juzi nimelia, mwenzangu wa pasi akadhani nimeungua.

Daktari wa mazoezi anasemaje? Anatumia kidole gani? Anachoka? Mwambie mama asijilazimishe, mwambie ninaona kila kipande.

Nimemwambia msimamizi kuwa huenda nikasaini. Alisema nisichelewe, wapo wengi mlangoni. Ukiwa na uhakika niambie, ili nami nilale usingizi wa mtu mmoja. Hapa nalala na mawazo ya watu watatu, naamka nimechoka.

Mpwa wako


Barazani, tarehe 18 Machi

Mpwa wangu,

Saini. Usinizungushe. Mkono wa mama yako sasa unanishinda mimi mwenyewe. Jana alimaliza picha ya kinu cha upepo kabla uji haujapoa, na uji nilioupika mimi unapoa haraka maana naupiga kijiko kwa ufundi. Daktari wa mazoezi alipigwa na butwaa. Alisema hajawahi kuona. Nikamwambia hajawahi kuona kwa sababu hajawahi kufika kwetu.

Kidole ni hiki cha shahada. Wakati mwingine gumba linasaidia.

Mimi ni mzima. Kuna mteja mmoja, mwalimu mkuu, ameniletea seti nzima ya makochi, anataka yote yavuliwe, yabadilishwe sponji, yavikwe upya. Zamani kazi hii ilikuwa kifungua kinywa. Majuzi niliweka misumari midogo mdomoni, kama kawaida, nitoe mmoja mmoja, nikaegemea kidogo. Nilipozinduka jua limehama upande na misumari bado iko mdomoni, yote. Mwingine angemeza. Mimi hata usingizini mdomo wangu unajua kazi. Mama wa jirani, yule anayekuja kumwogesha dada, alinikuta hivyo akasema, "Wewe, nenda kitandani." Nikamwambia kitanda ni cha wavivu. Akasema, "Basi kuwa mvivu hata siku moja, tukuone." Ana mdomo yule mama.

Dada si mwepesi, ujue. Si kwa uzito, kwa ukaidi. Nikimnyanyua anajifanya gogo. Nikimlisha anafunga mdomo, anataka kushika kijiko mwenyewe, kinaanguka, ananitazama kama nimekiangusha mimi. Hasemi sana. Akisema ni kunikosoa. Juzi ameniambia kochi la mwalimu mkuu limepinda. Halijapinda. Nilipolipima lilikuwa limepinda, ila kidogo tu, na kwa upande usioonekana.

Usijali hayo. Wewe saini, upige pasi zako, mambo ya huku yana bingwa.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makochi


Chumba cha kufulia, tarehe 30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sijasaini. Nilishika kalamu, msimamizi amenifungulia ukurasa, nikasema kesho.

Jana tulipewa mapumziko marefu, umeme ulikatika. Nikafungua picha zote tangu ya kwanza. Gemu ile inaonyesha picha ilivyojengwa, kipande baada ya kipande. Nikaona kila picha imeanzia katikati. Mnara, katikati. Soko, katikati. Kinu, katikati, halafu kushoto, halafu kulia, pembe zimekuja mwisho kabisa.

Mjomba, mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani ya mama. Mama haanzi katikati. Mama huanza na pindo. Nilipokuwa mdogo alinichapa mkono kwa kubandika mfuko kabla pindo halijakaa. Alisema nguo isiyo na ukingo ni tambara tu. Anayeanza katikati ni wewe. Nimekutazama maisha yangu yote barazani: msumari wa kwanza katikati ya kiti, kisha kushoto, kisha kulia, pembe mwisho, kitambaa kisilete mkunjo.

Sina hasira. Sina hata nguvu ya hasira. Nataka tu unijibu. Ni wewe unayecheza?

Halafu lipo la pili, nalo ndilo linanikosesha raha. Ile ya uzi, uliyosema ya kijinga, kuna mtu anaicheza. Ilianza katikati ya Machi. Polepole mno. Siku nyingine vitundu viwili tu. Siku nyingine uzi umekwenda vibaya, umerudishwa, umekwenda tena. Anaanzia ukingoni anazunguka, ndani bado hajagusa.

Huyo si wewe. Huyo ni nani?

Nijibu kabla sijaitwa tena kwenye ule ukurasa.

Mpwa wako


Barazani, tarehe 8 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kwanza niseme kwamba kuanza katikati ndiko kuanza. Hilo halina mjadala. Anayeanza pembeni akifika katikati anakuta kitambaa kimejaa upepo.

La pili. Ndiyo, ni mimi. Siku ya kwanza nilipompa simu aliisukuma chini ya kitanda kwa ule mguu mzima. Siku ya pili akaniambia, "Cheza wewe mwenye muda." Nikacheza, nimwonyeshe tu. Halafu ukaandika kwamba umeona na umelia. Sasa ningeacha vipi? Ningeacha, ungeona mkono wa mama yako umekufa palepale kwenye simu yako, katikati ya anga ya boti. Nikasema niendelee kidogo mpaka aanze mwenyewe, halafu nimkabidhi. Nilikuwa namshikia nafasi, kama foleni. Na sikutaka uache kazi uje kunyanyua gogo. Nyanyua mashuka, ni mepesi.

La daktari kupigwa na butwaa lilikuwa butwaa la namna nyingine. Tuliache.

La tatu, la uzi. Nilipolisoma nilisema simu imerogwa. Sijaigusa ile gemu tangu initazame siku ile. Nikakaa nalo. Kisha nikamwambia dada kwa sauti kwamba nakwenda kununua sponji, nikachukua kofia, nikafunga geti kwa kishindo, nikarudi kwa nyuma nikajificha barazani, nyuma ya kochi la mwalimu mkuu. Dirisha la chumba chake linaangalia pale. Kujificha ni kipaji changu. Niliwahi kujificha kwa mkopeshaji ndani ya kabati lake mwenyewe.

Alingoja. Alisikiliza nyumba. Kisha akaichukua simu kwa mkono wa kushoto, akailaza mapajani, akaushika ule wa kulia kwenye kifundo kama anavyoshika kitambaa kinachoteleza, akaupeleka juu ya kioo, akauachia. Kidole kimoja. Kilitetemeka kwenye kitundu. Kikavuta. Uzi ukakatika. Akarudi. Kikavuta tena. Jasho linamtoka kama mtu anayesukuma gari. Alipitisha matundu matatu, akaificha simu chini ya mto, akajifuta uso kwa kushoto, akatazama ukuta kama mtu ambaye hana habari.

Sikutoka nyuma ya kochi kwa muda mrefu.

Mpwa wangu, unajua mimi nikiona jambo lazima dunia ijue. Nikiona mbwa amelala vizuri naita watu. Hili sijamwambia mtu. Si mama wa jirani, si dereva wa lori, si dada mwenyewe. Wewe ndiye wa kwanza.

Amua unavyoona. Sikupambii tena.

Mjomba wako


Chumbani, tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Maneno machache napumzika. Barua hii nimeianza juzi, usiucheke mwandiko. Nitampa mama wa jirani ampelekee dereva, kaka asiione.

Najua amekwambia. Alijificha nyuma ya kochi na miguu imebaki nje, na zile kandambili zake. Kochi lina miguu minne, lile lilikuwa na sita.

Nilificha kwa sababu yake. Kidole kingesogea kidogo, angetangaza mpaka sokoni. Watu wangekuja kuangalia kidole. Kisha kisiposogea kesho, wangekuja tena kunipa pole. Nilitaka kishindwe bila watazamaji.

Uzi naupenda. Hausemi hodari. Nishawashonea watu wasiosema hodari, naujua ukimya huo.

Lakini sikuandikii habari za kidole. Kinakuja. Kama hakiji chote, cha kushika sindano kitakuja. Usikipe kazi ya kukuamulia maisha, hakijapona kiasi hicho.

Nakuandikia habari za kaka. Hajakaa tangu niugue. Ananigeuza, anapika, anafua, anafanya kazi, anapiga porojo ili nisisikie anavyohema. Amekonda, suruali ameifunga kwa kamba ya kufungia sponji. Siku alipokuja kunionyesha gemu ya vipande alikaa pembeni ya kitanda, akaweka kipande kimoja, kingine, akanyamaza. Kaka yangu akanyamaza. Mabega yakashuka. Sijawahi kuyaona yako chini. Nikaisukuma simu, nikamwambia acheze yeye.

Ningecheza vile vipande, angerudi kusimama.

Kwa hiyo asije akaambiwa aache. Kama una gemu nyingine za namna ile, za kulipa mara moja, zisizomwomba kitu, mnunulie. Kila mtu anamwomba kitu.

Wewe rudi au usirudi. Ukirudi, rudi kwa ajili ya aliyechoka, si kwa ajili ya aliyeugua. Mimi ninapumzika kutwa.

Mama yako


Chumba cha kufulia, tarehe 24 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimemjibu msimamizi. Sijasaini. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa tano, nitapanda gari wiki hiyohiyo.

Usianze kunipigia kelele. Si kwa ajili ya mkono wa mama. Nimechoka pasi, mjomba. Vidole vyangu vimekuwa laini kwa mvuke mpaka simu hainitambui nikiigusa. Huko kwenu naona kuna fundi wa makochi ana kazi ya mwalimu mkuu na hana msaidizi wa kukata vitambaa, nami pindo ninajua, nilichapwa mkono kwa ajili yake. Kunyanyua gogo tutapokezana.

Nimekununulia gemu nyingine ya vipande. Hii ni yako, si ya kumshikia mtu nafasi. Ina picha nyingi, na haina kengele. Ukimaliza inanyamaza. Ijaribu, unipe hukumu.

Nimeona jana uzi umeingia ndani. Ndege amepata jicho. Usimwambie.

Mpwa wako


Barazani, tarehe 4 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata, dereva hakuikunja safari hii, inaonekana mafunzo yangu yameingia.

Umefanya kosa kubwa kuacha hoteli kwa ajili ya baraza. Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia pia mama wa jirani kwamba unakuja kujifunza kwangu, kwamba hoteli wamekulilia, kwamba meneja alipiga magoti. Hilo la magoti nimeliongeza. Mama wa jirani akasema, "Afadhali, labda sasa utalala." Nikamwambia wewe unakuja kufanya kazi, si kunilaza.

Dada nilimpa habari akiwa amekaa mlangoni. Alinyoosha mkono akaniondoa uzi begani, uzi wa kitambaa cha mwalimu mkuu. Mkono wa kulia. Nami nikatazama barabarani kama mtu asiye na habari. Tumekuwa waongo wawili ndani ya nyumba moja na tunaelewana vizuri.

Hukumu ya gemu mpya. Ukilinganisha na ile ya kwanza, picha zake ni ngumu zaidi, vipande ni vidogo, na kweli haikusifu. Nilifikiri nitaichukia. Nimeijaribu leo mchana baada ya kupaka gundi kwenye kochi la mwisho la mwalimu mkuu. Nimeianza pembeni. Usimwambie mama yako. Nilitaka tu nione mafundi nguo wanaona nini huko. Unapanga ukingo kwanza, na mpaka umalize hujui picha ni ya nini, lakini unajua inaishia wapi. Si mbaya. Kwa kochi haifai, ila si mbaya.

Nimefika ukingo wote, ndani bado ni tupu. Simu iko mapajani. Dada yuko ndani, kimya, na ninajua anachofanya huko.

Gundi imekauka muda mrefu. Sijainuka.

Mjomba wako